Kabla Hujafika Mafinga

Mwende,

Kama umeifikia karatasi hii, basi baridi imeshakushika. Nimeikunja ndani ya sweta ya kijani, na sweta nimeisukuma chini kabisa ya begi la kushoto la pikipiki, kwa maana nakujua: huvai sweta mpaka meno yaanze kugongana. Nakisia mmeshapita Iringa, mmesimama kando ya lami, na wenzako Brayo na Atieno wanakucheka unavyotetemeka. Waache wacheke. Sogea kando usome peke yako. Haya si ya Brayo.

Ninapoandika, wewe uko Kariobangi kwa fundi, anakaza cheni na kumwaga oili kuukuu. Mimi nimefunga kibanda mapema nikawaambia wateja mashine imekataa. Mashine haina neno. Niliona nikiendelea kukaa pale nitashona turubai la mtu vibaya, livuje, nilaumiwe bure. Kwa hivyo nimerudi hapa Tassia, nimekaa kwenye meza hii ambayo mmekuwa mkitandaza ramani yenu kila Jumapili mkitoka kanisani. Sijui barua kwa mtu ambaye bado anakula kwangu huanza vipi, basi nitaanza na linaloniuma.

Najua unaenda kumwona baba yako.

Usitafute aliyemwaga mtama, hakuna aliyeniambia. Ulikuwa bafuni na umefungua bomba ili nisisikie, siku yenyewe ya mgao wa maji, nami nikaja mlangoni kukugombeza ulifunge. Nikakusikia ukisema, "Shikamoo baba." Mwende, katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwenzake shikamoo. Mimi mwenyewe unaniambia "sasa mathe", na nyanya yako kule Mwingi unamkumbatia tu mpaka anacheka. Neno hilo si la mtu wa Nairobi. Nilirudi jikoni polepole nikaacha maji yamwagike mpaka yakakatika yenyewe.

Jumapili iliyofuata mkatandaza ramani. Nikaja na birika la chai, nikaweka kidole kwenye ule mstari wenu mwekundu.

"Si mlisema Namanga, Arusha, Dodoma, mpaka Iringa, halafu mgeuke kurudi na Morogoro?" nikauliza. "Mbona mstari unashuka hadi huku chini?"

"Mathe, huko ndo kuna baridi poa ya kukemp," Brayo akasema. "Ni miti tu, msitu kila mahali. Hakuna mtu wa kutusumbua."

"Nani alikwambia?"

"Ni Mwende alitoa hiyo idea."

Wewe ukanywa chai. Kikombe kilikuwa kitupu, nilikiona, lakini ukanywa. Kisha ukaniuliza kama zipu za mabegi nitaweka za plastiki au za chuma. Nikasema za chuma. Nilitaka kusema mengine, nikayameza, kwa sababu Atieno alikuwa akinitazama na yule msichana ana adabu sana, nikaona haya kugombana na mwanangu mbele yake.

Mlidhani sijui kusoma ramani. Barabara hiyo ya Mafinga mimi nimeipita kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Sijawahi kukuambia, na ndilo nililokaa hapa kukuambia. Mambo ya kufunga hema, upepo wa tairi, kadi ya njano ya bima, kibali cha pikipiki pale mpakani, hayo mmeyasoma kwenye simu zenu na mnanishinda. Sitakuandikia usisahau kunywa maji.

Baba yako alikuwa dereva wa lori la mbao. Alipakia Mafinga, akashusha kwenye yadi za huku Kariobangi na Gikomba, akarudi. Siku ya kwanza alikuja kibandani na turubai lililochanika katikati, mbao zake zimelowa njia nzima. Nikamshonea. Baada ya wiki mbili akaleta lingine, kisha lingine, mpaka nikaanza kushuku kwamba anayachana mwenyewe. Nilipomuuliza, akacheka hakukana. Nilikuwa msichana, nikaona hakuna mwanamume mwingine duniani anayeweza kuharibu mali ya tajiri wake ili aje anitazame nikishona. Furaha hiyo ilikuwa yangu na siikatai, hata leo nikiwa na hasira naye.

Tukafunga ndoa kanisani, tukakaa chumba kimoja Kariobangi, ukazaliwa. Safari zake zikawa za wiki mbili, kisha tatu, kisha mwezi. Alisema ni foleni kwenye mzani. Alisema ni mvua, ni makaratasi ya mpakani, ni springi. Nilijua malori, niliyaona kila siku, na nilijua hakuna springi inayochukua mwezi kubadilishwa. Lakini nilijitia hamnazo kwa sababu ukishauliza swali lazima usikilize jibu. Na wakati huo wote nilikuwa namshonea maturubai. Nilikuja kujua baadaye kwamba mbao nyingine nilizozikinga na mvua hazikuvuka mpaka kamwe. Zilibaki kule zikawa kenchi za paa la nyumba yake.

Ulikuwa umeanza darasa la kwanza nilipoamua kwenda. Nikakuacha kwa Mama Otis, jirani yetu wa mlango wa pili, nikamwambia naenda matanga kwetu Mwingi. Nikapanda basi. Barabara yenu ya kupitia Dodoma wakati huo ilikuwa vumbi, kwa hivyo tulizungukia Chalinze na Morogoro, tukapita katikati ya mbuga ya wanyama ya Mikumi, twiga wakitutazama, abiria wote wakapanda juu ya viti kuwaona. Mimi sikuinuka. Nilikuwa nikipanga maneno. Niliyaanza Namanga, na kufika Iringa nilikuwa nimeyapanga vizuri mpaka mahali pa kutulia na mahali pa kupaza sauti.

Nilivaa nguo yangu ya Krismasi na viatu vya kuchuchumia. Nilitaka huyo mwanamke aone mke wa Nairobi. Hakuna aliyeniambia Mafinga kuna baridi ya kuuma mifupa, wala kwamba udongo wake ukilowa unavua mtu viatu. Nilishuka asubuhi na ukungu, nikauliza dereva Mkenya anakaa wapi, na kila mtu alimjua. Hilo peke yake liliniuma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua aliacha biashara yake akanisindikiza, viatu nimevishika mkononi, mpaka mlangoni.

Alifungua mwanamke mdogo kuniliko, mtoto mgongoni. Kabla sijafungua mdomo alipiga goti, goti kweli, pale kwenye matope ya kizingiti, akasema, "Shikamoo dada."

Nikamjibu, "Fiti."

Fiti, Mwende. Mtu amepiga goti na mimi namjibu kama kondakta. Sikujua hata kwamba nimekosa. Nikaendelea tu, "Namtafuta Mutiso."

"Karibu ndani kwanza, dada. Pole na safari. Umetokea wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi mbali jamani, pole sana. Habari za Nairobi?"

"Mzuri. Mutiso yuko?"

"Amesafiri, lakini karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na wazee huko kwenu, wazima?"

Hasira yangu ilikuwa ya mitaa ya Eastlands, imezoea kuingia moja kwa moja na kukalia kiti. Kule ilibidi ipange foleni. Kulikuwa na habari za safari, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mvua huko mlikotoka, na kila nikijibu moja anaongeza nyingine, na huku ananiletea maji ya moto ninawe miguu. Aliinama akaniosha matope mwenyewe. Zamu ya maneno yangu ilipofika, nilitafuta pa kuanzia sikupaona. Akaweka chakula, ugali na maharage na mboga za maboga. Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nikala.

Ndipo aliponitazama akatabasamu, akasema, "Wewe ndiye wifi yangu, eeh? Anasema ana dada yake Nairobi anayeshona maturubai."

Tonge lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeshalainika, nimeshaoshwa miguu, nimeshakula nusu sahani ya chakula chake. Mtoto wake alikuwa ameamka ananitazama kutoka mgongoni, na alikuwa na paji lako la uso, Mwende, lile pana la kina Mutiso. Nikameza.

Nikasema, "Ndiyo."

Nimefanya makosa mengine maishani. Nimewahi kukodisha mashine yangu kwa mlevi, nimewahi kukuchapa kwa kosa la mtoto wa jirani. Lakini lile "ndiyo" ndilo ninaloamka nalo. Nilikuwa mke wa ndoa, cheti ninacho, kanisa zima liliona, na nilikaa juu ya kigoda cha mwanamke mwingine nikakubali kuwa dada wa mume wangu kwa sababu nilikuwa nimeshakula. Jioni akanisindikiza kituoni na kikapu cha pichesi. Akapiga goti tena. Nikamwambia asante, wifi. Hata hilo nililisema.

Pichesi hizo ndizo ulizokula ukachafua sare yako ya shule ukaniuliza kama matanga huwa na matunda.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo panaponiuma mimi kuliko hata Mafinga. Niliporudi Mama Otis akanilaki kwenye ngazi anacheka. "Mama Mwende, mzee wako alikuja. Alikaa na mtoto siku nzima. Ata nilimwambia uko kwa matanga, akasema ni sawa, hawezi ngoja." Tulipishana njiani. Mimi nikienda kumtafuta kwake, yeye alikuja kwangu, akakukuta bila mimi, akakupandisha kwenye lori, akakupa chipsi na soseji, akakuachia upige honi mpaka watu wa yadi wakatoka.

Siku ya honi. Umenisimulia siku hiyo tangu una miaka saba. Umeiandika kwenye insha shuleni, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Juzi tu ulikuwa ukimwambia Atieno kwamba kupenda barabara kulianza siku hiyo, pale juu, miguu haifiki chini, mkono kwenye honi. Na mimi nilikuwa hapa nikitia nta kwenye uzi. Ile siku nzuri kuliko zote za utoto wako ndiyo siku niliyokuwa nikioshwa miguu Mafinga. Hakupanga hivyo, najua. Lakini yeye hubahatika kila mara, na mimi ndiye huwa nimeshika viatu mkononi.

Hakurudi tena. Aliporudi kule bila shaka mkewe alimwambia, wifi alikuja, tulikula naye vizuri, ameondoka na pichesi. Nawaza uso wake aliposikia hayo. Nafikiri aliogopa kwa muda mfupi tu, kisha akaelewa kwamba nimemrahisishia kazi. Alikuwa na mke mmoja kule na dada mmoja huku, na dada mwenyewe amekubali kwa mdomo wake. Angerudi kufanya nini?

Nimekulea na hasira hiyo. Sikuitaja, lakini ilikuwa humu ndani kama moshi wa jiko, umekua ukiuvuta. Ulipouliza baba yuko wapi nilikujibu "kazini" mpaka ukafika umri wa kuacha kuuliza, na nikafurahi ulipoacha, nikadhani tumemaliza. Ulipomaliza kidato cha nne alipiga simu. Sijui alipata wapi namba. Alisema, "Nataka tu kumpongeza mtoto." Nikamwambia umelala. Ilikuwa mchana kweupe, ulikuwa pale dirishani unapaka kucha rangi. Ningekuwa mtu mwema ningekuambia sasa kwamba najuta. Siku nyingine najuta. Leo sijuti, leo natamani hata ile laini ningeivunja mapema.

Basi mmepatana bila mimi. Nani alimpata mwenzake kwanza, sijui wala usiniambie. Lakini nitakuambia kitakachotokea, kwa sababu namjua. Atakupokea vizuri. Atakuchinjia mbuzi. Atazunguka hiyo pikipiki yako akisifu ilivyopakiwa, atapiga teke tairi, atakuuliza maswali ya injini ambayo mimi sijui kuuliza. Atakuita "dereva wangu". Utacheka. Usiku mtaota moto naye atakusimulia milima na mipaka, na utamwona ni mtu mzuri, na kwa kweli atakuwa mtu mzuri. Hakuna mtu anayeshindwa kuwa mwema kwa siku mbili. Mimi sikuwahi kupewa siku mbili. Nilipewa za homa, za karo, za kukutafuta mtaa wa Lucky Summer ukiwa umekwama kwa kina Atieno bila simu, za kugombana juu ya nywele. Hizo hazina picha wala moto wa kuota.

Naogopa utampenda. Nimeliandika, liko hapo, sitalifuta.

Nimeshona mabegi haya na uchungu huo. Unakumbuka mlipopanda juu ya paa kujaribu mahema kati ya nguo za watu, vigingi havishiki saruji mkafunga kamba kwenye tangi la maji, keateka, msimamizi wa hizi nyumba za kupanga, akapanda anapiga kelele kwamba hapa ni ploti si kambi ya wakimbizi? Nilicheka siku hiyo mpaka nikakaa chini. Kisha nikashuka nikaendelea na begi la kushoto, na nilikuwa nikikulaani kidogo na kukuombea kidogo, mshono kwa mshono. Nimeshona mara mbili kila mahali. Mishono nimeisugua mshumaa, mvua haitaingia. Kumbe mimi nikikasirika ndipo nashona vizuri.

Sasa nikuambie nilichokipata kule, ambacho hamkukisoma kwenye simu.

Nchi ile mtu husalimiwa. Mkifika kijiji mnachotaka kulala, msianze kukunjua mahema kama mlivyofanya juu ya paa. Ulizeni mwenyekiti wa kijiji yuko wapi, nendeni mkamsalimie, na mkae mpaka yeye aishiwe na maswali. Mwambie Brayo asimwambie mtu mzima "niaje". Na msiseme "leta chai", semeni "naomba chai". Nilisema "leta" njia nzima, kila kituo, nikashangaa kwa nini wananitazama hivyo. Mtoto akikuambia shikamoo, jibu "marahaba". Nililijua neno hilo, nilifundishwa shule kama wewe. Lilinijia kwenye basi la kurudi, tumeshavuka Mikumi, nikalisema peke yangu dirishani na mtu wa kando akadhani namsemesha.

Yule mama mkubali. Anaitwa Mama Neema, kama hajabadilika jina kwa watoto wengine. Hana kosa na mimi. Alipiga goti mara mbili kwa mtu aliyemjibu fiti, na kama alidanganywa, tulidanganywa na mtu mmoja. Msalimie kwa goti, hata kama wewe ni wa Tassia na goti lako halijui njia. Pikipiki iache nje ya ua, vua kofia ya chuma, salimu.

Na hapa ndipo ninapokuomba, na sikuombi kitu kingine. Sijui Mutiso amewaambia wewe ni nani. Labda amesema ukweli, miaka inalainisha watu. Lakini nyumba ile inajua ana dada Nairobi anayeshona maturubai, na dada huyo hukaa na mtoto wake. Itakuwa rahisi sana kwake kusimama mlangoni na kusema, huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Atakutazama akisema hivyo. Atakuomba kwa macho, na ana macho ya kuombea, mimi najua. Na wewe utakuwa umechoka, una vumbi mpaka kwenye meno, umeona ndugu zako kwa mara ya kwanza, na utaona kwamba ukikubali tu, siku itaenda vizuri na hakuna atakayelia.

Usikubali. Mimi nilikubali kuwa dada. Wewe usiwe mpwa wa mtu. Huhitaji kugombana wala kupaza sauti, na usinitetee, sikukutuma. Salamu zikiisha, sema tu kwa sauti yako ya kawaida, "Mimi ni Mwende, binti yake." Kisha wao wafanye watakavyo. Wakilia, walie. Wakikufukuza, una hema, una wenzako, barabara iko palepale.

Lakini useme kabla hujala, Mwende. Hilo ndilo nililojifunza kwa viatu vyangu na nguo ya Krismasi. Watakuharakisha kwenye chakula, kwa wema kabisa, maji ya kunawa yatakuwa yameshakuja. Wewe omba kuzungumza kwanza. Ukishaonja chakula cha watu waliokupokea vizuri, neno kama hilo halitoki tena. Mimi ninajua lilipobaki, bado liko hapa kooni.

Ukishasema, kula. Kula mbuzi wote. Cheka naye kama kuna la kuchekesha, maana ni mcheshi, sijawahi kusema si mcheshi. Ukimpenda, basi umempenda, hutakuwa wa kwanza kumpenda. Kaa siku unazotaka. Ramani yenu inasema mbili. Ukiongeza, sitahesabu, nitasema ni mvua, ni springi.

Nasikia pikipiki chini. Ni wewe, naujua mlio wake hata kati ya zote za ploti hii, na mlinzi anakuambia uiegeshe karibu na ukuta. Kwa hivyo niharakishe. Kesho asubuhi nitasimama getini, nitakagua kamba za mizigo ambazo sijui chochote juu yake, nitakwambia uende polepole na usimwamini Brayo kwenye kona. Utaona nimetulia. Utadhani mama amekubali safari kwa urahisi, pengine utajisikia vibaya kidogo kwa kunificha. Jisikie vibaya. Halafu uende.

Jambo la mwisho, na hili usimsomee mtu. Akikuuliza habari zangu, mwambie mama hajambo, kibanda kipo, anashona. Usiongeze. Usimwambie nimezeeka wala sikuolewa tena.

Na asipouliza, Mwende, siku nzima ikapita na mbuzi akaisha na moto ukazimwa na hakuuliza, ukirudi niambie aliuliza.

Mama